Kiti Alichokiacha Mume Wangu Kwenye Kamati ya Maji

Fomu ya kugombea niliichukua Jumatatu, siku ya tisa tangu nitoke eda. Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, aliniamkia, akanivutia kiti, akaanza kupekua faili lenye karatasi za mirathi. Alidhani nimefuata barua ya kupeleka mahakamani.

"Silo hilo lililonileta," nikamwambia. "Nataka fomu ya kamati ya maji."

"Umetumwa na nani, mama?"

"Sijatumwa. Ni yangu mwenyewe."

Akaacha kupekua. Kiti kilichokuwa wazi kwenye kamati kilikuwa cha marehemu mume wangu. Alikikalia tangu siku kisima kirefu kilipochimbwa kijijini kwetu mpaka siku aliyoanguka shambani akiwa anapalilia muhogo. Watu walikuwa wameshamkubali vichwani mwao mtu wa kukirithi, rafiki yake mwenye duka, na fomu ya huyo ilikuwa tayari mezani, imejazwa kwa wino wa buluu. Mtendaji aliisogeza kando kidogo ili anipatie nafasi ya kuandikia.

Kulikuwa na mstari mmoja wa sababu za kugombea. Niliandika: Maji yafike Juu. Akasoma, akapangusa jasho shingoni.

"Mama, mambo ya zamu za maji ni ya kamati. Mimi siingii humo."

"Ndiyo maana nataka kuingia mimi," nikasema.

Kijiji chetu kiko ndani, ukishaipita Fukayosi, na kina vitongoji viwili vikubwa. Sisi tunakaa Bondeni, kando ya barabara, penye shule, msikiti na maduka. Wenzetu wanakaa Juu, kwenye mgongo wa kilima, penye mikorosho na mashamba ya ufuta. Tangi la maji limejengwa kileleni kabisa, juu ya vitongoji vyote viwili. Pampu inasukuma maji kutoka kisimani mpaka kwenye tangi, halafu yanashuka yenyewe kwa mabomba mawili, moja la Juu na jingine la Bondeni. Mtu wa Juu akifungua mlango wake asubuhi, kitu cha kwanza kukiona ni tangi. Lakini maji alikuwa akiyafuata kwetu, Bondeni, na ndoo kichwani, na alisubiri mpaka sisi wenyeji wa bomba tumalize kuchota.

Waliambiwa kwamba pampu ni dhaifu, tangi halijai. Zipo siku ambazo hiyo ilikuwa kweli. Siku nyingine zote, bomba la Juu lilikuwa limefungwa tu kwa mkono, kwa chuma kirefu cha kufungulia koki, ndani ya shimo dogo la zege lenye mfuniko. Aliyekuwa na chuma hicho ni mume wangu.

Nami nilikuwa najua. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa namna nyingi na kila mara linaishia hapo hapo. Alikuwa akitoka baada ya sala ya alfajiri, anarudi jua likianza kuchoma, ananawa, anakaa mkekani, namtilia chai na muhogo wa kuchemsha. Asubuhi moja, miaka mingi nyuma, nilimuuliza kwa nini Juu hawafunguliwi hata siku mbili kwa wiki.

"Nikifungua Juu, hapa Bondeni mtachota kwa kikombe," akasema.

"Na wao wanachota kwa kitu gani?"

"Wao wamezoea."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mpole, aliyeweza kumbeba mgonjwa wa jirani kwa baiskeli mpaka zahanati bila kuombwa. Aliamini anawalinda watu wake. Mimi nikamwongezea chai. Bomba letu lilikuwa hatua ishirini kutoka jikoni, nguo zangu zilikuwa safi, mapipa yangu yalikuwa yamejaa. Sikumuuliza tena.

Alipofariki, wanawake wa Juu walishuka kutusaidia, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye visigino vilivyopasuka, alikaa kwetu siku tatu akiosha masufuria ya msiba. Siku ya tatu, baada ya kisomo, wenzake walipokuwa wanajiandaa kuondoka, alikuja mlangoni mwa chumba nilichokuwa nimekaa, akachuchumaa.

"Mama, Mwenyezi Mungu akupe subira," akasema. Halafu akashusha sauti. "Nilikuwa naomba, kama haitawaudhi, niondoke na ndoo moja ya maji."

Nilikuwa sijalia siku hizo tatu, si kama watu walivyotarajia. Hapo ndipo nilipolia. Walionizunguka wakadhani ni uchungu wa mume, wakanishika mabega, wakanisomea dua. Yule mwanamke akaogopa, akaondoka bila maji. Nilipopata nguvu ya kumwulizia, wakaniambia ameshapanda zamani.

Siku hiyo hiyo yule mwenye duka alikuja kuchukua chuma cha koki, kwa heshima zote, akisema atakishika kwa muda mpaka kamati ikae. Nami nikabaki ndani miezi minne na siku kumi. Mwanamke wa eda ana muda mwingi wa kufikiri kuliko anavyohitaji. Nilisikia ndoo zikigongana bombani kila asubuhi, na sauti za watu wa Juu wakisubiri, nikawa nawahesabu kwa sauti zao. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi nilikuwa nazisikia sauti hizo bila kuzisikiliza.

Habari ya fomu ilifika nyumbani kabla yangu. Wifi yangu, dada wa marehemu, tunapakana naye. Kati ya nyumba yangu na yake kuna ua wa makuti tu, na humo tulitoboa kijia tangu nilipoolewa. Nilimkuta amekaa kibarazani kwangu, mtandio umeshuka mabegani.

"Wifi, nimesikia umekwenda kuchukua fomu."

"Nimechukua."

"Kuna nini? Umekosa nini humu ndani? Mbona tunakula pamoja, tunakaa pamoja?"

"Sijakosa kitu. Ndiyo tatizo lenyewe."

Hakunielewa, au alinielewa. Nilimweleza kuhusu koki. Alisikiliza akiwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Nilipomaliza akasema, "Hayo yamekwisha naye. Mwache alale." Akaondoka kwa kupitia mbele, barabarani, hakupita kwenye kijia chetu. Niliona hilo, na liliniuma zaidi ya maneno.

Kesho yake alikuja mwenye duka. Lazima niseme haki yake. Ni mmoja wa walioshika jeneza, na wakati wote wa eda yangu kuni hazikukatika, yeye ndiye aliyekuwa anazileta. Alikataa kuingia, akakaa kwenye kigoda nje, akavua kofia.

"Shemeji, nimekuja kwa heshima. Kama unakitaka kile kiti kwa sababu kilikuwa cha nyumba hii, niambie tu, nitaiondoa fomu yangu leo."

"Sikitaki kwa sababu hiyo."

"Basi kwa sababu gani?"

"Nataka Juu wafunguliwe."

Akaangalia kofia yake. Nyuma ya duka lake ana uwanja wa kufyatulia tofali, na tofali hunywa maji. Lakini sidhani kama alikuwa anafikiria tofali wakati huo.

"Utakaposimama kuyasema hayo mkutanini," akasema taratibu, "watu watauliza nani aliyefunga. Utajibu nini? Utamfukua rafiki yangu mbele ya kijiji kizima?"

"Nitajibu nitakapoulizwa."

"Shemeji, mimi nisingeweza," akasema, akavaa kofia, akaniaga vizuri. Kuni hazikuja tena.

Zilibaki wiki mbili kabla ya mkutano. Mgombea mwenzangu hakuhitaji kuzunguka, alikaa dukani na watu wakamfuata. Mimi nilipanda Juu. Nilivaa viatu vya raba, nikajifunga khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, nikapita nyumba kwa nyumba peke yangu. Zamani nilikuwa napanda huko kwenye harusi na misiba tu, nikiwa katikati ya wanawake wenzangu. Sasa mbwa walinibwekea kama mpita njia.

Walinipokea kwa adabu, lakini hawakunifungukia. Walikuwa wakinipa kigoda, wakinisikiliza, wakisema "inshallah" kwa ile sauti ambayo haina ahadi ndani yake. Nyumba moja, mzee mmoja aliniuliza kama nimeletwa na chama gani. Nyumba nyingine walidhani nimekuja kudai maji waliyochota. Nikafika kwa yule mwanamke aliyeosha masufuria ya msiba. Alikuwa anapepeta ufuta. Hakuacha kupepeta.

Nilimweleza yote, hata lile la chai na muhogo. Nilidhani nikimwambia ukweli mtupu itakuwa nafuu kwetu sote wawili.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Na ulingoja mumeo afe."

Ungo ulipanda ukashuka, makapi yakaruka na upepo. Alikuwa amesema kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekizunguka miezi minne yote ndani bila kukitaja. Nikamwambia, "Ndiyo."

"Mtoto wangu wa tatu nilimzaa njiani, natoka bombani kwenu," akasema. "Karibu tena, mama."

Nikaaga. Kabla ya kushuka nilipanda mpaka kileleni, nikapumzika karibu na tangi, kwenye kivuli chake. Ukiweka kiganja ukutani unahisi ubaridi wa maji yaliyo ndani. Nilikaa pale mpaka jua likasogea, nikaingiwa na wazo kwamba nirudi kwetu. Mimi ni mzaliwa wa pwani, jirani na Mbegani, huku niliolewa. Bondeni wakinikasirikia huniita "yule wa pwani," hata baada ya miaka yote hii. Lakini pwani nako waliokuwa wakinijua wamekwisha, na nyumba ya baba ilishauzwa. Nikajikuta sina mahali ambapo ningefika na mtu akasema, ah, umerudi.

Binti yangu yuko Mapinga. Yeye na mumewe walinunua kiwanja huko, wamejenga vyumba viwili na wanaendelea. Alinipigia jioni hiyo.

"Mama, shangazi amenipigia analia. Anasema unamwaibisha baba."

"Wewe unasemaje?"

Nilisikia televisheni kwake, na mjukuu wangu akiimba.

"Mimi nasema njoo ukae huku," akasema. "Huku bomba liko ndani."

Najua alisema kwa mapenzi. Nilimwambia nitakuja baada ya mkutano, kumtembelea tu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Madawati yalitolewa nje, wanawake tukakaa upande wa mikeka. Niliposogea kukaa, waliokuwa kwenye mkeka wangu wa siku zote hawakuinuka wala hawakunisogelea. Walijibana tu kidogo, kila mmoja upande wake, nikabaki na mkeka mtupu pande zote mbili. Watu wa Juu walikuwa wachache, wamesimama nyuma kabisa, chini ya dirisha la darasa la kwanza. Nilimwona yule mwanamke kati yao.

Mtendaji akanipa nafasi ya kwanza ya kujieleza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu ratiba ya zamu na kuhusu kusafisha tangi. Niliposimama yote yakaniruka.

"Mnanijua," nikasema. "Nimekaa Bondeni zaidi ya miaka thelathini. Tangu kisima kichimbwe sijapungukiwa maji hata siku moja. Wenzetu wa Juu wanaambiwa tangi halijai. Siku nyingine kweli halijai. Lakini siku nyingi bomba lao linafungwa kwa mkono. Aliyekuwa analifunga ni mume wangu, Mungu amrehemu. Nami nilikuwa najua, nikanyamaza. Naomba kiti chake ili lifunguliwe."

Kisha wifi yangu akainuka.

"Kaka yangu hajafikisha hata miezi sita kaburini!" Sauti yake ilipasuka. "Mlikuwa mnalala mto mmoja!"

Akajifunga khanga, akaondoka, na wanawake watatu wa ukoo wakamfuata. Nilibaki nimesimama, sijui kama niketi.

Nyuma, mwanamume mmoja wa Juu akaita, "Na sasa hivi nani anafunga?"

Mtendaji akasema maswali baadaye, akampa nafasi mgombea wa pili. Mwenye duka akasimama, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Mimi marehemu simsemi," akasema. "Alikuwa rafiki yangu. Niliyoyakuta ndiyo niliyoyaendeleza."

Akakaa. Ilimchukua muda kutambua kwamba amejibu swali. Watu wa Juu walikuwa wameshatambua. Pakazuka zogo, mtendaji akapiga meza, akasema kura kwanza, mengine yataongelewa baada ya kura.

Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono, na wagombea tuliambiwa tugeuke tuwape watu mgongo ili wasituogope. Tukasimama mimi na mwenye duka, bega kwa bega, tukitazama ukuta wa darasa. Mwalimu mkuu alihesabu kwa sauti. Alianza na mwenzangu. Namba zilipanda, zikapita thelathini, zikapita hamsini. Nilisikia viatu vya mwalimu vikitembea kati ya madawati. Kisha akataja jina langu.

Akahesabu mpaka kumi na mmoja, akanyamaza. Nikangoja aendelee. Nilidhani amevuka kwenda nyuma, kwa watu wa Juu, na kwamba atahesabu huko pia.

"Kumi na mmoja," akarudia, akaandika.

Mwenye duka alinong'ona bila kugeuka, "Pole, shemeji." Nikamwambia hongera.

Baadaye niliambiwa kwamba Juu hawakumnyooshea mkono yeyote kati yetu. Walisimama mikono imefungwa kifuani wakati wote. Wale kumi na mmoja mpaka leo siwajui. Nimejaribu kuwakisia kwa kuangalia nyuso njiani, nikaacha.

Kilichotokea baada ya kura kilikuwa kifupi. Watu wa Juu walisogea mbele wote kwa pamoja, na yule mwanamke ndiye aliyesema. Hakupiga kelele. Alisema kwamba yamesikika mbele ya watu wote, na kwamba hawataondoka uwanjani mpaka siku zao ziandikwe. Mtendaji, aliyesema haingii humo, alilazimika kuingia. Pakaandikwa kwenye karatasi: siku tatu Juu, siku nne Bondeni, kwa sababu Bondeni ni wengi na kuna shule. Mjumbe mpya akatia saini. Hakuna aliyenitazama wala kunitaja. Nilikusanya viatu vyangu nikaenda nyumbani.

Walifungua Jumatatu. Sikuambiwa, nilikuwa uani nafua, nikaona watu wanapanda kilima kwa makundi, na mwenye duka mbele yao na chuma begani. Baada ya muda nikasikia vigelegele kutoka Juu, virefu, vinakatika na kuanza tena. Nilisimama na shuka mkononi linachuruzika. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilitaka sana kumwambia mtu, "Unasikia?" Nikaangalia upande wa ua wa wifi yangu. Kijia chetu kilikuwa kimezibwa kwa makuti mapya.

Siku za Juu, sasa Bondeni tunakinga kwenye mapipa na kuchota kwa hesabu. Wapo wanaosema nikipita, kwa sauti ya kunifikia, kwamba tulikuwa na maji yetu mpaka mwanamke wa pwani alipoyatoa. Juu nako siendi. Hawanichukii, nikikutana nao sokoni Fukayosi tunaamkiana, tunaulizana hali, kila mmoja anashika njia yake. Hawana deni kwangu, na mimi ndivyo ninavyotaka, ingawa kuna siku natamani mmoja wao angenikaribisha tu, hata kwa maji ya kunywa.

Ramadhani ilipofika ndipo nilipohisi uzito. Miaka yote tulifuturu pamoja na wifi yangu, tukibadilishana sahani, uji wangu na tambi zake. Siku ya kwanza nilipika uji kwa mkono niliozoea, sufuria ikajaa. Adhana ikaita, nikafungua kwa tende, nikasali, nikarudi nikakaa mbele ya uji ule. Upande wa pili wa makuti nilisikia vijiko vyao. Niliumwaga asubuhi yake, na tangu hapo nikajifunza kupikia kikombe kimoja.

Kwa binti yangu nilikwenda wiki mbili baada ya Idi. Nikakaa, nikacheza na mjukuu, nikaoga kwa bomba la ndani. Binti yangu hakuniuliza kuhusu mkutano. Siku ya kuondoka akanifungashia nguo na mchele, akanishika mkono kituoni. "Baba alikuwa mtu mzuri, mama," akasema. Nikamjibu kwamba alikuwa mzuri, na kwamba mimi ndiye ninayejua kuliko wote alivyokuwa mzuri. Akalia kidogo, nami nikapanda gari.

Juzi, alasiri, nikiwa kibarazani nachambua mboga ya mchunga, wifi yangu alikuja. Alipitia barabarani, akabisha hodi kama mgeni. Nikamkaribisha, nikaweka chai. Amezeeka mwaka huu, kama mimi. Alikaa, akachukua fungu la mchunga, akaanza kuchambua pamoja nami, akitupa mabua upande wake.

"Kwa nini hukumsema alipokuwa hai?" akauliza mwishowe. "Angekujibu mwenyewe."

"Niliogopa."

"Kaka yangu ulimwogopa? Hakuwahi kukunyanyulia mkono."

"Sikumwogopa yeye," nikasema. "Niliogopa hivi tulivyo sasa, mimi na wewe."

Akachambua mpaka fungu likaisha. Chai yake aliinywa nusu. Akajipangusa mikono kwenye khanga, akasema mchunga huo ni mkavu, niutilie tui zito, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akageukia kwake, nami nikarudi jikoni kukuna nazi.